Spika za inchi 4 na za babu: zitengenezewe boksi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Majengo, Moshi. Shemeji ameniletea spika mbili fulrenji za inchi 4. Zimekuja na karatasi inayosema omu 8, Fs 80, Qts 0.45, Vas lita 6. Nyumbani kuna pia spika mbili za inchi 8 zilizotoka kwenye redio-gramu ya marehemu babu, hizo hazina karatasi. Ampli yangu ni wati 15 kila upande, chumba ni mita 3 kwa 3.5. Nasikiliza dansi la zamani, kwaya na taarifa ya habari. Seremala wangu anashauri boksi kubwa la mninga, anasema boksi kubwa ndiyo besi. Mimi nimeona picha ya boksi la tarumbeta iliyokunjwa kwa ndani, limenivutia mno. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawalifanyi: umeandika namba. Kwa kawaida mtu anaingia karakana hapa Unga Limited, Arusha, na spika mkononi na picha ya boksi kwenye simu, anasema nitengenezee kama hili. Ukimuuliza Qts ni ngapi anakuonyesha stika ya wati. Wati zinakuambia spika itaungua lini. Kuhusu boksi hazisemi neno.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Hizo za inchi 4 zitengenezee boksi la plaiwudi la lita 9, lenye tundu la upepo lililopimwa kuitikia kwenye hezi 69, yaani mitikisiko 69 kwa sekunde. Mninga uweke kwenye urembo tu. Tarumbeta achana nayo. Za babu usizikatie hata ubao mmoja kabla hujazipima, na nina hisia kwamba hazitaki boksi kabisa.

Spika fulrenji, kwa faida ya wasomaji wengine, ni ile inayobeba besi, sauti ya kati na trebo peke yake, bila tuita (spika ndogo ya trebo) wala krosova (saketi ya kugawa masafa). Uzuri wake ni kwamba sauti ya mwimbaji inatoka mahali pamoja, haikatwi katikati na kugawiwa spika mbili. Ubaya wake ni kwamba koni ile ile inayotakiwa kuwa nyepesi kwa ajili ya trebo ndiyo inatakiwa kusukuma hewa nyingi kwa ajili ya besi. Koni ya inchi 4 ina eneo la kama sentimita za mraba 55. Na ukishuka nusu ya masafa, tuseme kutoka hezi 100 hadi 50, koni inabidi iende mbele na nyuma mara nne zaidi ili utoe sauti ya nguvu ile ile. Kwa hiyo boksi la spika kama hizi lina kazi ya kuisaidia koni pale chini inapochoka, basi. Besi ambayo spika haina, seremala hawezi kuichonga.

Sasa zile herufi. Mfikirie mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma mara moja na kumwacha, anakwenda na kurudi kwa mwendo wake mwenyewe. Mwendo huo kwa koni ni Fs, yaani mara 80 kwa sekunde kwa spika zako. Atabembea muda gani kabla ya kusimama, hiyo ndiyo Qts. Spika yenye sumaku kali inaikamata koni mara moja, Qts yake ni ndogo, 0.2 au 0.3. Yenye sumaku dhaifu inaiacha ibembee, Qts inafika 0.7, 0.9, hata zaidi ya 1. Vas ni ulaini wa koni ulioandikwa kwa lita: hewa ya lita 6 ikifungiwa na kusukumwa na koni hiyo ina ugumu sawa na ule wa koni yenyewe.

Zamani mafundi walikuwa wanabahatisha, au wanafuata mchoro wa jirani. Aliyeweka mambo kwenye hesabu ni mhandisi wa Australia, Neville Thiele, mwaka 1961, kisha Richard Small akaiendeleza kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Sydney, maandishi yake yakatoka miaka ya 1970. Ndiyo maana karatasi kama yako inaitwa ya vipimo vya Thiele na Small.

Tuanze na boksi lililofungwa kabisa. Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole, sukuma. Unasikia hewa inavyokurudisha. Hewa ndani ya boksi inafanya hivyo hivyo nyuma ya koni, na boksi likiwa dogo inakuwa ngumu zaidi. Ugumu huo unapandisha Fs na unapandisha Q pia, yaani ile Qts spika ikiwa ndani ya boksi. Mafundi wengi wanalenga Q ya mwisho iwe 0.707, maana hapo sauti inateremka polepole bila nundu. Kwa namba zako: gawa 0.707 kwa 0.45, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, unapata 1.47. Gawa Vas kwa hiyo, yaani 6 kwa 1.47, unapata lita 4.1. Boksi dogo kabisa, linakaa juu ya rafu ya vitabu. Lakini masafa yatakuwa yamepanda hadi hezi 126, na hapo sauti tayari imepungua desibeli 3, yaani imebaki na nusu ya nguvu. Waya mnene wa gitaa la besi unapiga hezi 41. Gitaa la solo lenyewe, waya wake wa chini ni hezi 82. Utasikia wimbo wa besi, kwa sababu sikio lina tabia ya kuujenga mlio wa chini kutokana na milio ya juu inayoambatana nao, ila hutausikia kifuani.

Je, tukimfuata seremala, tukalipanua? Tuseme lita 25, limefungwa. Q inashuka hadi 0.50, na ile sehemu ambayo sauti imepungua desibeli 3 badala ya kushuka inapanda: kutoka 126 inakwenda hezi 138. Unaona, Mwalimu? Umetumia mbao mara mbili na zaidi, na besi imeanza kukonda mapema. Kule chini kabisa, hezi 60 hivi, utapata nyongeza ya kama desibeli 3, lakini koni haina hewa ngumu ya kuirudisha, na ngoma moja nzito inaitupa hadi koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagonga. Seremala wako hasemi uongo. Kauli yake ameitoa kwenye masabufa ya inchi 15 yenye Vas ya lita 200, na kule ni kweli. Hapa si kweli.

Boksi la tundu la upepo ni jambo jingine. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda, inalia mlio mmoja. Hewa iliyo shingoni inacheza juu ya hewa iliyo tumboni kama uzito juu ya springi. Albert Thuras wa Bell Labs huko Marekani alipata hataza ya kutumia jambo hilo kwenye spika mwaka 1932. Kwenye mlio huo wa chupa, tundu ndilo linalotoa sauti na koni inakuwa karibu imetulia. Spika yenye Qts kati ya 0.3 na 0.5 inaelewana nalo vizuri, na yako iko ndani. Hesabu inanipa lita 9.1, tundu kwenye hezi 69, na sauti inabaki na nguvu hadi karibu hezi 64. Linganisha na 126. Umeshuka karibu oktava nzima, yaani nusu ya masafa, kwa spika ile ile na ampli ile ile. Kwa dansi la zamani hapo ndipo utamu ulipo.

Kuna bei yake. Chini ya hezi 69 tundu halilindi tena koni, hewa inapita tu, na koni inapepea bila mzigo. Nyimbo za dansi na kwaya hazina mengi huko. Vijana wako wakikuletea muziki wa siku hizi wenye sabufa nzito, punguza besi kwenye ampli. Kuiongeza ni kosa.

Kipimo cha ndani nakupa hiki: upana sentimita 16, kina 20, urefu 30. Hiyo ni lita 9.6. Mwili wa spika na bomba vinakula kama nusu lita, unabaki na 9.1. Bomba la PVC lenye kipenyo cha ndani sentimita 5 litakuwa na urefu wa sentimita 10. Ukipata lenye sentimita 4, urefu ni karibu 6. Usiamini maneno "inchi mbili" ya dukani, ingiza rula upime ndani, kwa maana bomba la maji safi na la maji taka yana unene tofauti. Tundu litoke mbele, kwa kuwa najua chumba cha mita 3 kwa 3.5 boksi litasukumwa hadi ukutani tu.

Nitoke nje ya mada kidogo, jambo hili linanifurahisha. Karatasi za viwandani huandikwa kana kwamba sote tunaishi usawa wa bahari. Moshi iko kama mita 900 juu, Arusha kama 1,400. Kanieneo ya hewa kwenu ni pungufu kwa asilimia 10 hivi, kwetu 15, na Vas inafuata kanieneo. Lita 6 za karatasi ni lita 5.4 Majengo. Je, ukate boksi upya? Hapana. Mlio wa tundu unategemea mwendo wa sauti, na mwendo huo unafuata joto, si mwinuko. Tofauti inayobaki ni ndogo kuliko tofauti ya spika yako ya kulia na ya kushoto. Ila siku mtu wa Dar akikubishia kwamba boksi lake na lako hayako sawa, una la kumjibu.

Plaiwudi iwe ya milimita 18. Mninga ni mti mzuri, nami kitanda changu ni cha mninga, lakini ubao mzima wa mti wowote unatanuka na kusinyaa kwa upana wake masika na kiangazi, na ukifungwa pande sita unatafuta pa kupasukia. Ufa wa unene wa unywele kwenye kiungo cha boksi unapiga filimbi. Plaiwudi tabaka zake zinapishana, haiendi popote. Mpe seremala mninga wake akutengenezee fremu nyembamba ya mbele, atafurahi. Ndani weka kipande kimoja cha mti kinachounganisha kuta mbili za ubavuni. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole kabla na baada ya kukiweka, utasikia lilivyoacha kulia.

Halafu jambo ambalo nimelirudia kwa maseremala hadi nimechoka. Ukitoboa tundu la spika ya inchi 4 kwenye ubao wa milimita 18, umeitengenezea spika handaki. Mgongo wa koni unapumulia kwenye kuta za tundu lenyewe, sauti ya kati inabanwa, mwimbaji anakuwa kama ana mafua. Geuza ubao, chukua tupa au ruta ya useremala, ukate ukingo wa ndani kwa mshazari wa nyuzi 45 kuzunguka tundu lote, ukiacha mahali pa skrubu tu. Ni kazi ya dakika kumi kwa kila boksi. Ukiniuliza kitu kimoja kinachotenganisha boksi la fundi na boksi la kuuzia barabarani, nitakuonyesha mshazari huo.

Ndani ya boksi la tundu usijaze sufi. Bandika sponji au kipande cha blanketi zito kwenye ukuta wa nyuma, wa juu na ubavu mmoja, uache njia ya bomba wazi. Sufi ya kujaza ni ya boksi lililofungwa.

Ubao wako wa mbele utakuwa na upana wa sentimita 19.6. Juu ya hezi 590 hivi sehemu kubwa ya sauti inarushwa mbele kwako. Chini ya hapo mawimbi ni marefu kuliko ubao, yanazunguka na kwenda nyuma, na unaweza kupoteza hadi desibeli 6. Ndiyo maana spika nyingi fulrenji zinasikika kali, kama zimekosa mwili, na mwenye nazo analaumu koni. Kwenye chumba chako ukuta ulio nyuma utarudisha sehemu ya hizo. Sikiliza kwanza kwa wiki moja boksi likiwa sentimita 20 kutoka ukutani. Bado kali? Funga koili ya 1.2 milihenri na rezista ya omu 4.7 ya wati 10, hizo mbili sambamba, kisha ziweke kwenye waya wa chanya unaokwenda kwenye spika. Koili inaiachia besi ipite, na rezista inapunguza kilicho juu kwa kama desibeli 4. Utapoteza nguvu kidogo, lakini wati 15 kwa chumba hicho ni nyingi.

Sasa tarumbeta. Nakuelewa, hata mimi picha zile zinanivuta. Miaka mingi nyuma mteja mmoja mwenye grosari aliniletea picha kama yako na spika za inchi 6 za bei nafuu. Nilikuwa kijana, sikupima kitu. Nilikata vipande, nikavikunja ndani kwa gundi na misumari, wiki mbili nzima. Tulipowasha, noti moja ya besi ilikuwa inanguruma kama lori mlimani, zilizobaki hazipo, na mtangazaji alisikika anasoma habari akiwa ndani ya pipa. Baadaye nilipojua kupima nikakuta Qts ya spika zile ni 0.6. Tarumbeta inataka koni inayoshikwa na sumaku kali mno, Qts 0.2 au 0.3, kwa sababu tarumbeta yenyewe ndiyo inayoongeza besi, na spika ambayo tayari inabembea ikiongezewa inalewa. Mteja alilipa nusu. Moja ya maboksi hayo naweka misumari hadi leo.

Na ukubwa wake haupungui kwa kukunja. Tarumbeta ya kufika hezi 50 kwa haki, hata ukiiweka kwenye kona ya chumba ili kuta zisaidie, mdomo wake unataka karibu nusu mita ya mraba. Mbili za namna hiyo ndani ya mita 3 kwa 3.5, Mwalimu, kitanda utakiweka wapi? Zile nyembamba unazoziona kwenye picha ni tarumbeta kwa jina, nyingi zinafanya kazi kama bomba refu tu. Na bomba refu lenyewe si baya: njia iliyokunjwa ya mita 1.43 inaitikia hezi 60, robo ya wimbi lake, na spika zako zingekubali. Hiyo iwe kazi ya mwaka kesho, ukishaijua sauti ya spika zako.

Tuje kwa babu. Redio-gramu za zamani nyuma yake zilikuwa wazi, zimefunikwa na kadibodi yenye matundu. Spika zake zilitengenezwa kwa maisha hayo: sumaku ndogo, karatasi nyepesi, Qts kubwa. Ukiifungia spika ya hivyo kwenye boksi, Q inapanda zaidi, inavuma. Lakini hisia zangu si kipimo, kwa hiyo pima.

Kwanza weka vidole gumba viwili pande mbili za koni, sukuma taratibu na usawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa, ishia hapo. Ikiwa safi, ining'inize hewani kwa kamba, usiilaze mezani. Weka kwenye simu programu ya kutoa mlio wa masafa unayoyataka, simu iingie kwenye ampli. Waya wa ampli upitie rezista ya omu 1,000 kabla ya kufika kwenye spika. Mahali pa spika funga kwanza rezista ya omu 10, pandisha sauti hadi testa (mita ya umeme) kwenye AC isome volti 0.1. Sasa kila omu moja ni milivolti 10. Usiguse tena kitufe cha sauti. Rudisha spika, anza hezi 30, panda kidogo kidogo ukiangalia testa. Volti itapanda, itafika kilele, itashuka. Kilele ni Fs.

Tuseme kilele ni hezi 60, testa inasoma 0.54, yaani omu 54, na ukiipima spika kwa DC ni omu 6. Gawa 54 kwa 6, ni 9. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, na 3 mara 6 ni 18. Tafuta masafa mawili, chini na juu ya kilele, ambapo testa inasoma 0.18. Ukikuta 50 na 72, tofauti ni 22. Zidisha 60 kwa 3, gawa kwa 22, gawa tena kwa 9: Qts ni 0.91. Spika ya namna hiyo ifunge kwenye ubao wazi wa upana wa sentimita 60, bila boksi, mita moja kutoka ukutani. Chini ya kama hezi 200 sauti ya nyuma inaanza kuifuta ya mbele, na ile Q kubwa, ambayo kwenye boksi ni ugonjwa, hapa ndiyo inayojaza pengo. Chumbani kwako mita moja hiyo haipo, kwa hiyo hizo ni za sebuleni.

Kwa maboksi ya lita 9, bomba usilitie gundi siku ya kwanza. Likate sentimita 11, lizungushie utepe libane kwenye tundu lake, piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea noti hadi noti. Noti moja ikikohoa kuliko wenzake, toa bomba, punguza nusu sentimita, rudisha, sikiliza tena.